Mwalimu apewe vifaa kwanza, tableti za wanafunzi zingoje

Kwa Mhariri,

Katika vikao vya wazazi vya mwanzo wa muhula, shule kadhaa za upande huu wa mashariki mwa Uganda zimeanza kuzungumzia jambo ambalo miaka michache iliyopita lingesikika katika shule za kitajiri za Kampala tu, nalo ni kuwachangisha wazazi ili kila mwanafunzi anunuliwe tableti. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini mimi, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Tororo, naona mpango huo unakwenda kinyumenyume, na ni vifaa gani ambavyo, kwa fedha ndogo kuliko hizo zinazotajwa vikaoni, vingelibadilisha somo la kesho asubuhi.

Niseme mapema kwamba siandiki kama mtu anayeiogopa teknolojia. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022, kipindi cha karibu miezi 22 kinachotajwa kuwa kirefu kuliko vyote duniani, na sote tulijionea yaliyotokea: masomo yalihamia redioni, kwenye runinga, katika vitini vilivyochapishwa na kwenye simu za mkononi, na mtoto ambaye kwao hapakuwa na hata kimoja kati ya hivyo akapelekwa shambani, sokoni au kwa mume. Aliyeipitia miaka ile akiwa mwalimu hawezi kusema kwamba vifaa havina kazi. Ila miaka ile ile ilitufundisha pia ni kifaa gani kinachofika kwa wengi. Redio ya betri ilifika hadi vijijini, tableti haikufika.

Isitoshe, kazi yenyewe ya mwalimu wa sekondari imebadilika. Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne, ulioandaliwa na Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala na kuanza kutumika mwaka 2020, unamtaka mwanafunzi atende, ajadili, atafiti na awasilishe badala ya kunakili maelezo ya ubaoni. Umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, hata pale ambapo mwalimu wa Kiswahili hajapatikana. Tena umeleta alama za kazi za darasani, ambazo Baraza la Mitihani, UNEB, huzihesabu kuwa asilimia 20 ya matokeo ya mwisho, mtihani wenyewe ukibaki na asilimia 80. Watahiniwa wa kwanza wa utaratibu huo walifanya mtihani mwaka 2024. Mwalimu mwenye mikondo mitatu au minne hana budi basi kuweka kumbukumbu za kila kazi ya kila mwanafunzi, na alama hizo hatimaye hupelekwa kwa mtandao. Yule anayezijumlisha kwa kikokotoo usiku, kisha akapanda boda hadi mjini kumlipa mtu wa fotokopi amwingizie kwenye kompyuta, ndiye ninayemsemea katika barua hii.

Tuitazame tableti kwa hesabu ambayo wauzaji hawaifanyi mbele ya wazazi. Tuchukue darasa la wanafunzi 60, ambalo katika shule za serikali si kubwa. Betri ya tableti ya kawaida hubeba wati-saa 20 hivi. Ukiongeza umeme unaopotea kwenye chaja, kila moja huhitaji kama wati-saa 25 ili ijae, yaani 1,500 kwa darasa moja. Shule isiyofikiwa na umeme wa gridi mara nyingi hutegemea betri moja ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100. Betri hiyo ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ile ya asidi huharibika upesi ikinyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo kinachotumika kwa usalama ni 600. Betri nzima ya shule, basi, itachaji tableti 24, na hapo taa za ofisi na za prepu ya jioni hazijawashwa. Shule yenye gridi nayo hulipia Yaka, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, na wiki ya mitihani haijawahi kuzuia uniti za Yaka kwisha. Halafu soketi 60 ziko wapi? Kabati la chuma lipo? Likizoni nani anabaki na ufunguo? Maswali haya huonekana madogo hadi siku yanapokosa jibu.

Majirani zetu wa Kenya, ambao sisi wa Tororo tunawafikia mpakani Malaba bila safari ya kutajwa, walipita njia hii kabla yetu. Ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa mwaka 2013, vifaa vikaanza kufika shuleni mwaka 2016 vikiwa tableti, na baadaye serikali yenyewe ikageukia mpango wa maabara za kompyuta. Mbali zaidi, nchini Peru, serikali iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo za ule mradi wa Nicholas Negroponte uliovuma kwa ndoto ya kompyuta ya dola 100. Watafiti walifuatilia shule 319 huko, na katika ripoti yao ya mwaka 2012 hawakuona tofauti ya alama za hisabati na lugha kati ya shule zilizopewa na zilizokosa. Waliona kwamba watoto walizizoea kompyuta na kwamba baadhi ya vipimo vya kufikiri vilipanda, na hilo si haba. Lakini mzazi anayeuza mbuzi ili atoe mchango hajaambiwa kwamba anachangia mazoea.

Ukiyatazama kwa karibu mambo ya Peru, utaona kwamba kifaa kilikwenda moja kwa moja kwa mtoto kikampita mwalimu. Mimi naomba njia nyingine: fedha ya kwanza itumike kumpa mwalimu zana chache zinazofanya kazi bila intaneti au kwa intaneti kidogo, na kwa umeme mdogo, na tuone matunda yake kwa mwaka mmoja au miwili kabla ya mtu yeyote kutaja tena tableti ya kila mtoto.

Nianze na runinga, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa. Shule ikipata fedha kidogo hukimbilia projekta, labda kwa sababu wakuu wa shule waliiona kwenye semina za hotelini, ambako kuna mapazia mazito. Darasa letu la kawaida lina madirisha makubwa yasiyo na pazia na jua la saa nne asubuhi, na humo picha ya projekta ya bei nafuu hupauka hadi mwanafunzi wa nyuma anaona vivuli tu. Maelfu ya lumeni, yaani kipimo cha mwanga, yanayoandikwa kwenye boksi za projekta hizi ndogo si kipimo cha kuaminika. Kipimo cha kuuliza ni lumeni za ANSI, zilizopimwa kwa utaratibu maalumu, na muuzaji akianza kubabaika, rudisha pesa mfukoni. Runinga bapa ya inchi 32 yenye tundu la USB husomeka mchana kweupe, nayo hula kama wati 50, wakati projekta ya taa hula 250 na zaidi. Kwa vipindi viwili mfululizo vya dakika 40, runinga pamoja na laptopu ya wati 50 hutumia wati-saa 133 hivi; projekta na laptopu hiyo hiyo hutumia 400. Ile betri yetu yenye wati-saa 600 za kutumika inabeba masomo manne ya namna ya kwanza, na moja na nusu ya namna ya pili. Kasoro ya inchi 32 ni kwamba watu 60 hawawezi kusoma maandishi madogo kutoka mbali, kwa hiyo mwalimu hulazimika kuweka picha moja na maneno machache makubwa kwa wakati mmoja. Kwa maoni yangu kasoro hiyo ni neema, maana nimeketi katika mawasilisho ya kutosha ambayo slaidi moja ilibeba ukurasa mzima wa kitabu. Jioni wanafunzi wawili huibeba runinga hadi stoo, na mlango ukafungwa.

Kifaa ninachokitumia mara nyingi kuliko vyote ni kidogo zaidi: spika ya bluetuthi yenye nafasi ya memori kadi, ile ile ambayo vijana huipeleka kwenye sherehe. Wanafunzi wetu wengi hukisikia Kiswahili cha wachuuzi wa mpakani, cha madereva wa malori na cha nyimbo, na kila kimoja kina utamu wake, lakini wachache wamewahi kumsikia mtu akisoma taarifa kwa utulivu kutoka mwanzo hadi mwisho. Idhaa za Kiswahili za BBC na DW hutoa habari na makala kila siku. Nikiwa mahali penye mtandao mzuri napakua dakika chache, naziweka kwenye kadi, na darasani sihitaji kitu kingine. Nacheza taarifa mara ya kwanza vitabu vikiwa vimefungwa. Mara ya pili kila safu ina kazi yake: hawa wasikilize nani ametajwa, hawa wasikilize mahali, hawa wasikilize vitenzi vya wakati uliopita. Mara ya tatu nasimamisha katikati ya sentensi na kuwaomba waimalizie, na hapo ndipo zogo la heri linapoanza, kwa sababu mtu aliyebahatisha vizuri hushangiliwa kuliko aliyekumbuka. Kisha simu yangu inageuka kinasa sauti. Mwanafunzi ambaye katika lugha ya kwao r na l hubadilishana anasoma aya moja, tunaicheza kwenye spika, naye anajisikia mwenyewe akisema "nirikuwa ninarima". Nimewahi kulisahihisha kosa hilo kwa kalamu nyekundu muhula mzima bila mafanikio, kwa kuwa kosa la ulimi halitibiwi daftarini. Spika huchajiwa kwa chaja ya simu, na hudumu siku kadhaa za masomo.

Zana nyingine ambayo ningependa walimu wenzangu waijue inaitwa Plickers, na uzuri wake ni kwamba katika darasa zima simu ni moja tu, ya mwalimu. Kila mwanafunzi hupewa kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi wa mraba usiofanana na wa mwenzake. Mchoro huo una pande nne, na herufi A, B, C na D zimeandikwa pembeni kwa maandishi madogo ambayo jirani hawezi kuyachungulia. Mwalimu anaandika swali ubaoni, mwanafunzi anaigeuza kadi ili jibu lake liwe juu, wote wanainua, na mwalimu anapitisha kamera ya simu darasani taratibu. Majibu yanajipanga kwenye simu jina kwa jina. Kadi hupakuliwa bure na kuchapishwa. Seti ya kawaida ina 40 na iliyopanuliwa ina 63, kwa hiyo darasa kubwa kuliko hapo huwabidi wengine kushirikiana kadi, na hilo pia lina faida, maana wawili hubishana kabla ya kuinua. Ushauri mmoja wa vitendo: kadi zisifunikwe kwa plastiki inayong'aa, kwa sababu mwanga wa dirishani hurudi kwenye kamera na mchoro usisomeke. Karatasi nene ya kawaida inatosha.

Faida yake haionekani hadi uitumie. Niliuliza siku moja katika kidato cha pili: "Vipepeo ___ wanaruka bustanini," wachague kati ya wazuri, vizuri, mazuri na nzuri. Kwa mikono iliyoinuliwa, wale watano wa mbele ambao hujibu kila swali wangesema "wazuri", ningewapongeza na kusonga mbele. Simu ilinionyesha kwamba sehemu kubwa ya darasa ilichagua "vizuri", kwa kuwa walikuwa wameyashika vizuri mafunzo yangu ya vitabu na viti, na habari ya viumbe hai kufuata upatanisho wa wanyama na watu haikuwa imewafikia. Somo lililokuwa limepangwa liliahirishwa. Hakuna tableti ambayo ingenipa taarifa hiyo kwa haraka zaidi.

Kwa shule iliyo tayari kupiga hatua kubwa kidogo, kuna maktaba isiyotaka intaneti. Programu ya Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality la Marekani, husakinishwa bure kwenye kompyuta hata iliyozeeka, masomo hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao au hunakiliwa kutoka diski hadi diski, na kuanzia hapo kompyuta hiyo huwagawia wengine masomo kwa Wi-Fi ya humo humo darasani bila bando hata moja. Ndani yake kuna video na mazoezi ya hisabati na sayansi, na kuna hadithi za watoto za African Storybook, mradi ulioanza mwaka 2014 na ambao Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za majaribio yake. Humo walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu watapata hadithi fupi za picha katika Kiswahili, Luganda, Lugbarati na lugha nyingine nyingi, zikiwa na ruhusa ya kuchapishwa na kutafsiriwa. Programu ya Kiwix nayo hubeba Wikipedia, na ile ya Kiswahili nzima huingia kwenye memori kadi ya kawaida. Shule ikitaka kompyuta ndogo ya kuifanyia kazi hiyo, ipo Raspberry Pi, inayotoshana na kiganja, ambayo toleo lake la mwaka 2012 liliuzwa kwa dola 35 na ambayo huendeshwa kwa umeme wa chaja ya simu au pawabenki. Wi-Fi iliyomo ndani ya matoleo yake ya baadaye huelemewa na watu wengi, kwa hiyo ni busara kuiunganisha na ruta.

Walimu wa sayansi wana hazina yao ya peke yao. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, una majaribio ya kuigiza ya saketi, msongo, mawimbi na kemia, mengi yake yakiwa yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, na kila moja ni faili linalopakuliwa na kufunguliwa kwenye kivinjari bila mtandao. Mwenzangu wa fizikia huifungua saketi kwenye ile runinga, anamwita mwanafunzi aongeze balbu ya pili mfululizo, na darasa linaona zote mbili zikififia kabla hajaandika kanuni yoyote. Sisemi kwamba hilo litachukua nafasi ya waya na balbu halisi. Linasaidia siku ambazo waya na balbu vimefungiwa. Walimu wa baiolojia waitafute Foldscope, hadubini ya karatasi ya kukunja iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford, inayokuza mara 140 na kuingia katika mfuko wa shati.

Ama kuhusu akili bandia, ambayo tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022 imekuwa gumzo hata katika vyumba vyetu vya walimu, nitasema machache. Inaweza kumtungia mwalimu sentensi 20 za zoezi kwa muda wa kunywa chai, lakini kila sentensi ni lazima isomwe kabla ya kupelekwa darasani, maana upatanisho wake wa ngeli huweza kuteleza huku lugha ikionekana imenyooka. Kazi za miradi za wanafunzi ni jambo jingine, na linastahili barua yake.

Yote niliyoyataja yanategemea simu ya mwalimu, na hapo ndipo penye uchungu. Simu za wanafunzi zimepigwa marufuku shuleni, na sina ugomvi na uamuzi huo. Ila simu ya mwalimu imekuwa chombo cha kazi bila mtu kukiri: mwalimu huitumia kupokea matangazo ya shule katika kundi la WhatsApp, kutuma alama na kutafuta mifano, na bando analinunua mwenyewe. Mwaka 2022 walimu wa sayansi wenye shahada walipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, nasi wa masomo ya sanaa tuligoma Juni mwaka huo na kurudi darasani bila kupata nyongeza hiyo. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye somo lake serikali inasema ni la lazima, yumo katika kundi hilo. Tangu Julai 2021 kuna pia ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Sheria yenyewe ilisamehe data ya huduma za elimu na za afya, lakini mwalimu anayenunua bando kwenye kibanda cha Airtel au MTN hakuna anayemuuliza kama ni la somo au la kutazama mpira. Ningefurahi sana kumsikia mbunge yeyote wa huku akieleza msamaha ule unamfikiaje mwalimu. Katika shule za msingi za serikali, simu inayohusika na mfumo wa TELA hutumika kuandika mwalimu gani amefika kazini. Hilo si baya, lakini kifaa kinachoweza kumhesabu mwalimu asubuhi kinaweza pia kubeba hadithi za darasa la pili mchana.

Bodi za shule zikikubali kununua, zikumbuke mambo ambayo hayaonekani katika stakabadhi. Fundi awe ndani ya wilaya, kwa sababu nimeona kompyuta ikikaa chini ya shuka la vumbi mwaka mzima kwa kukosa chaja ambayo ingepatikana Mbale. Flashi zisizunguke kutoka duka la fotokopi hadi kompyuta ya bursa bila kukaguliwa, maana virusi husafiri nazo, na faili la alama likipotea wiki ya kupeleka alama UNEB hakuna anayelala. Majedwali ya alama yatengenezwe kwa programu ya LibreOffice, ambayo ni bure na halali, nakala moja ikihifadhiwa nje ya shule. Na tuache tabia ya kubandika majina na alama za watoto katika makundi ya WhatsApp yenye watu mia tatu. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na sidhani kama kuna shule iliyowahi kuiomba ridhaa hiyo kabla ya kutangaza kwamba mtoto wa fulani ameshika mkia.

Kwa wazazi watakaokaa vikaoni wiki zijazo, ombi langu ni kwamba msikatae mchango. Daini kuonyeshwa hesabu. Gharama ya tableti za darasa moja la wanafunzi 60 iandikwe ubaoni, na pembeni yake iandikwe gharama ya runinga mbili, laptopu mbili, spika nne, ruta moja, kadi za karatasi kwa shule nzima, na bando la mwezi kwa kila mwalimu kwa mwaka mmoja. Kisha mwalimu mmoja aombwe afundishe dakika kumi mbele yenu kwa kutumia kimojawapo, na mwuzaji wa tableti aombwe afanye vivyo hivyo.

Nalo gazeti lako, Mhariri, linaweza kutusaidia kwa jambo lisilohitaji kikao. Makala zenu ndizo matini ya kusoma ninayoitegemea zaidi darasani, lakini nakala huku hufika chache na kwa kuchelewa, na kurasa za mtandaoni zina picha nzito na matangazo yanayomaliza bando kabla ya aya ya pili. Mkitoa kila Ijumaa habari mbili au tatu katika faili jepesi la maandishi matupu, pamoja na msomaji wenu mmoja akizisoma kwa sauti katika faili la dakika tano, nitazipokea kwa WhatsApp, nitazirudufu mjini Jumamosi, na Jumatatu saa mbili wanafunzi wa kidato cha pili watakuwa wakizisikiliza kwenye spika.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili,
Tororo.